Mwalimu Alisikilizwa

Hakuna kaunta ya serikali hapa Kitui ambayo sijaiegemea, kwa hivyo niaminini. Jumanne nilimsindikiza Mganda anayefundisha hesabu kule Nuu hadi ofisi ya wakimbizi. Awali ofisi hiyo ilikuwa imemnyima hadhi ya ukimbizi bila kumuuliza neno. Mimi, na elimu yangu ya darasa la saba, ndimi niliyemsukuma aende Mahakama Kuu, na jaji akaitupa ile barua ya kumnyima: mtu asikilizwe kwanza, ndipo ofisi iamue upya.

Kumbe ofisi ni ileile na afisa ni yuleyule. Akavua saa, akailaza mezani.

"Korti inasema nikusikilize. Haya mwalimu, sema."

Mwalimu akasimulia wanajeshi walivyomtoa ndugu yake mezani, tonge likiwa bado mkononi, kisha wakaanza kumtafuta yeye. Afisa hakuandika kitu. Alichovya mkate kwa chai.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, bwana."

"Nimekukatiza mahali?"

"Hapana, bwana."

"Basi weka sahihi hapa, kwamba umesikilizwa."

Akaweka. Afisa akavuta droo, akatoa barua ya kumkatalia: awe amevuka mpaka kufikia Ijumaa. Ilikuwa imepigwa taipu tayari, na tarehe ni ya Jumatatu.

Nikafoka, "Aka! Hii uliandika jana!"

"Mzee, kosa langu lilikuwa kutomsikiliza," akasema akivaa saa. "Hilo nimerekebisha."

Wasomaji wangu, jaji alitenda haki, afisa akamtii neno kwa neno, na Ijumaa nikampandisha mwalimu basi la kwenda mpakani. Alinishika mkono kwa dirisha akanishukuru, eti tulishinda kesi.

Afadhali angenitukana.