Udongo ya Kununua

Bungoma mimi nilikuwa mtu wa kuchekesha watu. Nikahamia Kitale kubeba mbao kwa duka ya vifaa vya ujenzi, uso ikajaa chunusi, mdomo ikafunga. Ukiongea watu wanakuangalia, na mimi sikutaka kuangaliwa. Nikawa mtu wa kofia, chini mpaka nyusi. Jumamosi moja nikagundua kitu ya mwisho mtu aliniambia ilikuwa "shika huko nyuma."

Nikaenda kwa duka ya dawa. Dada wa hapo akanipa maski ya kupaka uso. Nilimaliza darasa la nane, lakini hayo maandishi ya pakiti iliandikiwa sisimizi.

"Dada, wameweka nini hapa? Msinichome, bana."

"Hii kaolini ni udongo mweupe, inafyonza mafuta. Salfa inakausha chunusi, ndio hiyo harufu ya yai viza. Na kuna asidi kidogo, ni ndugu ya aspirini, inafungua vishimo za ngozi zenye zimeziba."

"Ati udongo? Nitoke Bungoma nikuje kununua udongo Kitale?"

Alicheka mpaka akashika meza. Hiyo kicheko nilienda nayo nyumbani kama mkate moto.

"Na usicheke ukiwa nayo," alikuwa amenionya. "Itapasuka kabla ifanye kazi."

"Nicheke na nani?"

Nikajipaka. Uso ikawa baridi, nikakumbuka asubuhi ya kutahiriwa, mjomba akinipaka tope ya mto, kijiji mzima inaimba, na mimi nimesimama kama nguzo, sipepesi jicho. Ile tope ilikuwa na watu. Hii ilikuwa na mimi na stovu ya mafuta taa.

Mlango ikagongwa. Ni mama jirani, yule wa kuuza viazi, anataka kiberiti. Tangu aniulize kwetu ni wapi siku nilihamia, tulikuwa tu watu wa "sasa" na "poa."

"Uuui! Kijana, kwani nyinyi wa Bungoma mnatahiriwa mara mbili?"

Jibu ilifika kwa ulimi hapo hapo. Lakini udongo ilikuwa imeanza kushika, na hiyo uso ya chunusi nilikuwa nimeichoka. Nikampa kiberiti bila kusema, vile nilisimama mbele ya kisu.

Akangoja kidogo. "Haya, pole," akasema, akaenda.

Nikanawa. Chunusi bado ziko. Nikaambia mlango, "Mama, mara ya kwanza walisahau uso!"

Nikacheka, mimi tu. Sasa hakukuwa na kitu ya kupasuka.