Sauti Aliyoinyoosha Mwalimu Vaska

Vaska Mladenova alihitimu chuo cha muziki katika jiji la Sofia akidhani atafundisha mjini. Akapangiwa Lesnitsa, kijiji cha mashamba ya pilipili, na huko akamaliza miaka kumi na tisa akiwafundisha wanawake saba wa jembe kuimba nyimbo walizoziimba kabla yeye hajazaliwa. Hebu fikiria kazi hiyo.

Wanawake hao waliimba kwa sauti mbili zilizosogeleana mno hata zikakwaruzana. Kwao hiyo ndiyo ilikuwa raha. Walisema sauti lazima zigongane kama kengele za kondoo, la sivyo wimbo haujaiva. Vaska, kwa masikio yake ya chuo, aliingiwa na ganzi ya meno. Kila Alhamisi, kwenye ukumbi wa kijiji, aligonga kinanda na kuzitenganisha.

"Bibi Gyurga, shuka kidogo. Bado. Hapo hapo. Umesikia ilivyo tamu?"

"Tamu kama uji wa mgonjwa," akajibu Gyurga, na wenzake wakaangua kicheko.

Lakini alishuka. Gyurga ndiye aliyeshika sauti ya chini, na wimbo wa mavuno aliurithi kwa mama yake, shambani, mundu mkononi. Alitii kwa sababu mwalimu kasoma.

Vaska alikuwa akitaka kitu kimoja tu: Lesnitsa ichaguliwe kwenda tamasha kubwa la milimani, ambalo huja mara moja kwa miaka mitano. Alitaka walau hilo, ili ujana wake usiwe umekwenda bure.

Mwezi wa Mei waamuzi wakaja. Wanawake wakavaa aproni zao za tarizi, wakaimba bila mkwaruzo hata mmoja. Vaska alilengwalengwa na machozi.

"Nani kawafundisha?" akauliza mwamuzi mkuu.

"Mimi," akasema Vaska, kifua mbele.

"Nilipita hapa nikiwa mwanafunzi. Sauti ziligongana mpaka nywele zikanisimama. Nimerudi kwa ajili ya zile, mama. Hizi za kunyooshwa tunazo tele redioni." Akafunga daftari. "Jumamosi nitapita tena. Waimbe kama zamani."

Ilimuuma Vaska, na ilistahili kumuuma. Kesho yake alimkuta Gyurga bustanini akipandikiza miche ya pilipili, jirani na mwimbaji mwenzake Tsonka akisaidia.

"Bibi, sahau niliyokufundisha. Imba sauti ya mama yako."

"Kumbe leo ndiyo nzuri?"

"Ilikuwa nzuri tangu mwanzo. Mimi ndiye niliyekosea."

Gyurga akafuta mikono kwenye aproni. Tsonka akaanzisha sauti ya juu. Gyurga akafumba macho, akaingia, na sauti yake ikateremka yenyewe mpaka pale pale kinanda kilipoifundisha kukaa. Safi kabisa. Akakatiza. Wakaanza upya, ikateremka tena. Mara ya tatu mishipa ya shingo ilimtoka kwa kuizuia, na bado ikaenda kule kule.

 

"Mama alikuwa hapa," Gyurga akasema, akigusa koo. "Miaka kumi na tisa umenifunza kumwacha. Basi nimefuzu, mwalimu."

Akainama kuchukua mche uliofuata.