Soksi za Kwendea kwa Daktari

Shangazi yangu alikuwa na jozi moja tu ya soksi za maana, za kijivu, na kazi yake ilikuwa moja: kwenda kwa daktari. Harusi ya binti yake mwenyewe alihudhuria na ndala mpya, hakuona shida. Lakini tarehe ya zahanati ikifika anaamka mapema, anaoga, anajipaka mafuta mpaka katikati ya vidole, anavaa soksi, juu yake raba nyeusi za kufunga kamba. Halafu anasimama mlangoni.

"Nipo sawa?"

"Upo sawa, shangazi."

"Twende basi, wasije wakatutangulia wale wenye kikohozi."

Ni dada mkubwa wa baba. Mtaani walimwita Pindo, maana suruali akiikunja yeye chini, unaweza kutafuta uzi ulipopita mpaka ukachoka. Alikuwa na cherehani ya kukanyaga, imekaa sebuleni chini ya dirisha. Ukikaribia nyumba, kabla hujaona mtu, unasikia tak-tak-tak-tak. Nilipoacha shule kidato cha pili ndugu wote walinisema. Yeye alisema, "Basi shika mkasi." Mkasi niliushika wiki mbili. Nikaenda gereji, nikatoka. Nikaenda kwa mkata vioo, nikatoka. Kila nikirudi nilikuta sahani yangu mezani imefunikwa, na hakuna aliyeniuliza ilikuwaje.

Sukari walimgundua akiwa na hamsini na kitu. Kuanzia hapo kila mwezi lazima aonwe ndipo apewe dawa. Zahanati yetu ilikuwa nyumba ya vyumba vitano yenye veranda ndefu, mabenchi yameegemezwa ukutani, na rangi ya ukuta imekuwa nyeusi kwa migongo ya watu. Kila mgonjwa anakuja na daftari lake la shule, ndilo faili. Unaliweka kwenye rundo pale dirishani kwa nesi. Sasa nesi mwenyewe alikuwa na mtindo wa kuchukua la juu. Kwa hiyo aliyefika mwisho ndiye anaitwa wa kwanza, na kila anayeingia watu wanamkazia macho mikononi.

"Mama, daftari lako liweke chini ya rundo."

"Mimi nimekuja saa kumi na moja alfajiri."

"Umekuja saa kumi na moja ukiwa bado umelala."

Hapo benchi lote linacheka, hata wenye homa. Fundi baiskeli mmoja mwenye kifua alikuwa anasema ukitaka kupona pale, pona ukiwa kwenye foleni, maana ndani huna muda. Kweli. Unakaa tangu saa kumi na mbili mpaka saa sita mchana, ukiingia kwa daktari unatoka hata kiti hakijapata joto. Daktari tulimwita Kichwa Chini. Alikuwa anaandika tu. Wengi walijua utosi wake kuliko sura.

Shangazi alianza kulalamika mguu wa kulia, ule wa kukanyagia cherehani. Unaungua, alisema, kama amekanyaga majivu ya moto. Akienda zahanati anarudi na dawa zilezile za sukari. Mwezi unaofuata tena, zilezile. Nilimuuliza kama amemwambia daktari vizuri. "Nimemwambia," akasema, "mimi bubu?"

Halafu siku moja nikasikia cherehani imebadilika. Tak-tak, kimya. Tak, kimya. Nikachungulia, nikamkuta anautazama mguu wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Vipi?"

"Mguu umepona huu. Hauungui tena. Ila mara unakanyaga, mara unasahau."

Pale chini, kwenye chuma cha kukanyagia, palikuwa na doa la damu lililokauka. Nikamwonyesha. Akasema labda ni mafuta ya mashine. Mafuta ya mashine hayawi mekundu, shangazi, nikasema. Akaniambia nisimwongezee ugonjwa, tarehe yake ni keshokutwa.

Keshokutwa akavaa soksi zake, tukaenda. Benchini, kwa kukosa la kufanya, nikachukua daftari lake nikaanza kulisoma. Mwandiko ni kama kuku amekimbizwa, lakini maneno yalikuwa yanajirudia, ukilijua moja umeyajua yote. Miezi minane: anaendelea vizuri, dawa zilezile. Anaendelea vizuri, dawa zilezile. Mguu haukutajwa popote. Mama mmoja jirani yetu alikatwa mguu kwa sukari mwaka uliopita, juu ya goti, na alianza hivihivi. Fundi cherehani bila mguu ni nini? Jina lilipoitwa nikaingia naye.

"Habari yako, mama?" Kichwa chini, kalamu inatembea.

"Nzuri tu, mwanangu. Za kwako? Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Unaendeleaje?"

"Tunashukuru. Namshukuru Mungu. Ni mguu tu kidogo."

"Haya." Akageuza ukurasa. "Dawa zilezile. Anayefuata aingie."

Ndipo nikaelewa. Shangazi kalelewa hivyo, kwanza unakuwa mzima, mnajuliana hali, shida inakuja baadaye mkishatulia. Na kwa mtu mwenye cheo shida huiiti kubwa, unaiita kidogo. Yeye alikuwa bado anamsalimia daktari. Daktari alikuwa ameshamaliza kumtibu. Miezi minane hawajawahi kufika kwenye mguu.

"Shangazi, vua kiatu."

"Usinitie aibu. Nivue viatu mbele ya mtoto wa watu?"

"Vua."

"Kijana, kuna watu nje," daktari akasema.

Nikapiga magoti nikafungua kamba mwenyewe. Shangazi akanipiga kofi la bega, si la utani. Kiatu kikatoka. Soksi ikagoma, imeshika. Nilipoivuta taratibu harufu ikajaa chumba, na pale chini ya kidole kidogo pakang'aa kitu. Pini ya kushonea. Ameikanyaga sebuleni kwake hajui siku gani, akaivalia soksi, akatembea nayo.

Kichwa Chini akainua kichwa. Kumbe alikuwa kijana, kunizidi labda miaka sita, macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Mama, hii haikuumi?"

"Hainiumi. Ndiyo nikasema kidogo."

"Mbona hukuniambia imefika hapa?"

"Hatukufika huko, baba. Ulikuwa unaandika."

Alizunguka meza, akavuta ndoo, akaketi juu yake, akauchukua mguu wa shangazi akauweka kwenye paja lake. Nje watu wakaanza kugonga mlango kwamba kuna mtu amehamia humo. Alisafisha mwenyewe mpaka akamaliza, akaandika barua ya hospitali kubwa, akasema twende leo, si kesho.

Walikata kidole kidogo na cha jirani yake. Mguu ukabaki.

Waliniambia mguu usio na hisia unahitaji macho ya mtu, kila siku. Macho hayo yakawa yangu. Asubuhi nikishafagia pini za sebuleni, shangazi anakaa kwenye kiti cha cherehani, mguu juu ya stuli, mwanga wa dirisha unapiga pale. Naangalia kisigino, unyayo, katikati ya vidole vilivyobaki. Yeye anasimulia: jinsi baba yangu alivyokuwa mwoga wa kuku, jinsi bibi alivyomfundisha kushona kwa kumfungia mlango. Dakika kumi, wakati mwingine saa nzima. Miaka miwili na miezi, na sikuwahi kutamani kuwa mahali pengine.

Siku hizi yuko kwa binti yake, mbali. Zahanati wameweka kompyuta na namba za kwenye karatasi, ugomvi wa madaftari umekufa. Cherehani niliifunika shuka. Huwa ananipigia simu asubuhi.

"Ameshakuangalia?"

"Ameangalia. Anaangalia juu juu, ana haraka ya kazini."

"Kisigino je?"

"Kisigino hakugusa."

"Mpe simu."

Nasikia ndala zikiburuzwa, binti yake akilalamika kwamba atachelewa, na shangazi akimwambia akae chini kwanza.