Bi Twaiba na Sanduku la Maoni

Mimi nauza mahamri na mbaazi ukutani mwa ofisi yetu ya wadi, upande wa kivuli, kwa hiyo kwa miaka mingi Bi Twaiba nilimjua zaidi kwa mgongo kuliko kwa uso. Asubuhi alinipita na mafaili kichwani, ameyafunga kwa leso kama mtu apelekaye mchele harusini, anakwenda kungojea gari la Kwale. Alasiri alirudi na mafaili mengine. Alikuwa tarishi. Kazi hiyo aliianza kabla sijazaliwa, na alikuwa amebakisha miaka miwili astaafu. Mwenyewe alipenda kusema, "Nataka niondoke ofisini kwa mlango, si kwa dirisha."

Kazi yake ya pili haikuandikwa popote. Yeye ndiye aliyekuwa akipokea malalamiko. Kwetu huku mtu haingii tu ofisini akasema maji hakuna. Atatoa shikamoo, ataulizwa ya nyumbani, atauliza magoti ya Bi Twaiba yaamkaje, watamshukuru Mungu kwa mvua ikinyesha na watamshukuru vile vile isiponyesha. Akishaaga, akishageuka, ndipo husema, "Ila mfereji wa kule Galu nao siku hizi umenyamaza."

Bi Twaiba hujibu, "Haya," basi.

Saa nne humpelekea msimamizi wa wadi, Bwana Sanga, chai yake ya tangawizi. Hungoja anywe funda la kwanza, kisha husema akiwa mlangoni, "Mfereji wa Galu umenyamaza." Bwana Sanga hushusha pumzi. Pengine fundi alitumwa, pengine hakutumwa. Lakini aliyelalamika alijua neno lake limefika, tena limefika na chai.

Halafu yakaja mageuzi. Kwanza wafanyakazi walipelekwa hoteli moja huko Diani, wakakaa wiki nzima wakifundishwa kubana matumizi. Bwana Sanga alirudi amenenepa. Bi Twaiba hakuitwa, maana lazima mtu abaki kufungua ofisi.

Baadaye likaja gari jeupe na afisa wa mageuzi kutoka ofisi kuu, jina lake Caroline, binti wa bara, mchangamfu, viatu vyake vya kisigino vikizama mchangani kila hatua. Si mtu mbaya. Alinunua mahamri mawili na akambeba mwanangu mchanga Zainabu mpaka Zainabu akamtapikia begani, naye akacheka tu. Ndiye aliyetangaza kwamba mafaili sasa yatasafiri ndani ya kompyuta, kwa hiyo tarishi hahitajiki tena. Bi Twaiba hakufukuzwa. Alipewa cheo kipya: Msaidizi wa Mrejesho na Ushirikishwaji wa Wananchi. Alikuja kunifundisha kukitamka, tukashindwa sote wawili, tukacheka mpaka mafuta yakaunguza andazi.

Pamoja na cheo kulikuja sanduku. Lilikuwa la chuma, la rangi ya buluu, lina kijitundu chembamba juu na kufuli kubwa mbele. Ufunguo angekaa nao Caroline huko huko ofisi kuu, asije mtu akachezea maoni ya wananchi, naye angekuja kulifungua kila mwisho wa robo mwaka.

"Na watu wakinieleza kwa mdomo?" akauliza Bi Twaiba.

"Usiwasikize, Mama. Maneno ya mdomo haiingii kwa system. Waambie waandike, waweke kwa box. Na kuna target, sawa? Kila cheo lazima ionyeshe matokeo. Box ikiwa tupu, hicho cheo kinaondolewa."

"Kinaondolewa, na aliyekikalia?"

Caroline akaangalia simu yake.

Wa kwanza kulijaribu sanduku alikuwa Salimu, mwendesha bodaboda. Alikuja na jambo lake: askari wa soko alikuwa akiwazuilia pikipiki bila sababu. Alipomaliza salamu na kuanza kugeuka, Bi Twaiba akamkatiza, jambo ambalo hajapata kumfanyia mtu.

"Usiniambie mimi, mwanangu. Andika jina la huyo askari kwenye karatasi, likunje, litumbukize humo."

Salimu akalitazama lile tundu, akaitazama kufuli.

"Bi Twaiba, nisamehe. Niandike jina la mtu, nilikunje, nilitumbukize gizani, lifungiwe kufuli, na ufunguo ukae mbali?"

"Ndivyo walivyosema."

"Kazi hiyo mimi naijua. Na ofisi yake si hii."

"Salimu, hili ni sanduku la serikali."

"Hata likiwa la serikali. Mimi na yule askari tuna ugomvi wa pikipiki tu. Hatujafika huko."

Kabla ya adhuhuri habari zilikuwa zimefika Mwabungo na kurudi. Wanawake wakawa wanapita mbele ya ofisi wamewashika watoto mkono. Jirani yangu Mwanapili, aliyekuwa akifuatilia barua ya kitambulisho cha mwanawe, akaanza kuingilia mlango wa nyuma, ule wa chooni. Asubuhi moja tulikuta mtu amefukiza ubani chini ya sanduku na kulinyunyizia marashi, ofisi nzima ikanukia kama nyumba ya bibi harusi. Bwana Sanga ni mtu wa Samburu na ni mzee wa kanisa, akatuambia yeye mambo hayo hayaamini. Wiki hiyo hiyo aliigeuza meza yake ikaelekea ukutani, ili lile tundu lisimtazame. Alisema ni kwa sababu ya mwanga.

Bi Twaiba akawa anakaa kando ya sanduku mchana kutwa kama mtu aliyefiwa. Mtu akija na neno lake, yeye hugeuza uso na kusema, "Andika." Mtu huondoka ameumia, si kwa sababu ya maji au barabara, ila kwa kugeuziwa uso na Bi Twaiba. Mfereji wa Galu ulikuwa kimya kabisa na hakuna aliyeusemea.

Robo mwaka ilipokaribia kwisha, Caroline alipiga simu. Bi Twaiba husikiliza simu kwa sauti kubwa, kwa hiyo nami nilisikia.

"Mama, hiyo box iko aje?"

"Imekaa vizuri."

"Namaanisha iko na karatasi ngapi?"

"Nitajuaje, binti yangu? Ufunguo unao wewe."

Simu ilipokatika, alilitikisa sanduku kidogo. Halikutoa sauti. Akaja kukaa kwenye benchi langu, akamchukua Zainabu mapajani.

"Mama Zainabu, hili sanduku litanitoa kwa dirisha."

Mwanapili, aliyekuwa akinywa chai pale, ndiye aliyemjibu. Yeye ana ulimi mkali lakini akili anayo.

"Mabaya ndiyo yasiyotiwa gizani pamoja na jina la mtu. Na mazuri je? Mtu haombewi dua?"

Tukatazamana. Nani anakataa kumwombea mwenziwe dua?

Basi watu wakaja. Wasiojua kuandika niliwaandikia mimi, mkono mmoja kwenye kalamu na mwingine kwenye upawa. Salimu aliandika mwenyewe: Mungu amlainishe moyo askari wetu wa soko na ampe riziki ya halali. Mama mmoja akataka niandike kwamba anamtakia daktari wa zahanati afya njema popote alipo. Watu wa Galu wakaleta dua kwa ajili ya mfereji, kwamba Mungu aulipe kwa mema uliyowatendea zamani. Bwana Sanga aliombewa maisha marefu na watu ambao mwezi mzima walikuwa hawampi salamu. Sanduku lilijaa mpaka karatasi zikawa zinachungulia nje, na Bi Twaiba akazisukuma ndani kwa kijiti cha ufagio.

Caroline alipolifungua, alikaa chini akasoma mpaka wanja ukamchuruzika. Aliyaingiza maoni yote kwenye kompyuta, akachora duara la takwimu, duara lote likawa kijani.

"Bwana Sanga, hakuna lalamiko hata moja."

"Watu wetu wana shukrani," alisema Bwana Sanga, na kwa mara ya kwanza akalisogelea sanduku.

Haukupita muda likapigwa turubai mbele ya ofisi, vikaja viti vya plastiki na soda. Wadi yetu ilikuwa ya kwanza kwa kuridhika na huduma. Bi Twaiba alivaa leso mpya, akapewa cheti ndani ya fremu ya kioo, na vigelegele vilipigwa mpaka Zainabu akashtuka akalia. Caroline akaendelea kusoma hotuba yake. Kwa kuwa wananchi wa hapa hawana shida, alisema, fundi wa mifereji atahamishiwa wadi yenye malalamiko. Na kwa kuwa kazi ya mrejesho imekamilika kwa mafanikio makubwa, cheo hicho kitafungwa mwisho wa mwezi. Akaomba tumpongeze Bi Twaiba kwa kumaliza kazi.

Waliokaa nyuma hawakusikia vizuri, wakapiga vigelegele na hapo pia.

Bi Twaiba alibaki amesimama na fremu yake. Hakuwa na pa kuiweka, akaifunga kwa leso kama alivyokuwa akifunga mafaili, akajitwika, akaenda zake.

Sanduku lilibaki, maana mali ya serikali haiondolewi bila kibali, na wa kutuma ombi la kibali hayupo. Watu walikuwa wakija wanasimama mlangoni, wanatazama kiti kitupu. Mwanapili siku moja alijikuta amelipa sanduku shikamoo. Aliniapisha nisimwambie mtu.

Kisha akaja Salimu. Aliegesha pikipiki, akaniomba kalamu.

"Si walisema tuandike tatizo letu?"

"Walisema."

Aliandika neno moja: Caroline. Akalikunja mara mbili, akalitumbukiza.

"Na woga wako?" nikamuuliza.

"Leo tumefika huko."

Baada yake wakaja wengine. Hakuna aliyeniomba nimwandikie. Jina moja kila mtu aliweza.

Robo mwaka iliyofuata Caroline alikuja anatabasamu, akafungua kufuli. Akakunjua karatasi ya kwanza, akakunjua ya pili. Akafungua kadhaa upesi upesi, halafu akaacha, akaweka mikono nyuma. Alimwita Bwana Sanga. Bwana Sanga alichungulia kwa mbali, akasema yeye ni mzee wa kanisa, mambo hayo hayajui, akatoka kwenda kununua vocha. Caroline akaja kwangu.

"Mama Zainabu, hii inamaanisha nini?"

"Ni maoni," nikasema.

Akamtuma dereva akamlete Bi Twaiba. Bi Twaiba alikuja na leso yake ya nyumbani, hakuingia ofisini, akakaa kwenye benchi langu.

"Mama, tafadhali niambie ukweli. Hii ni uchawi?"

"Ni karatasi, binti yangu."

"Kwa hivyo naweza kuzichoma?"

"Zichome."

Caroline alilitazama sanduku. Hakusogea. Jasho lilikuwa likimtoka, nami nilimwonea huruma, nikamsogezea maji.

"Zitoe wewe, Mama. Ukizitoa wewe, si zitakuwa zimetoka vizuri?"

"Mwenye kuzigusa ni mfanyakazi wa ofisi. Mimi nilimaliza kazi kwa mafanikio makubwa. Cheti ninacho."

Mahamri yakaimba kwenye mafuta. Caroline akatoa simu, akaenda kusimama chini ya mnazi, akaongea muda mrefu, mara Kiingereza, mara Kiswahili. Nilisikia akisema kwamba sanduku lina hatari ambazo ripoti haikuziona. Aliporudi alisema Bi Twaiba amerudishwa hadi atakapostaafu. Cheo kilikuwa kimeongezeka neno moja mbele, Mshauri, na hatukujaribu hata kukitamka.

"Kwa mlango?" akauliza Bi Twaiba.

"Pardon?"

"Nitaingia kwa mlango, nitatoka kwa mlango."

"Ndiyo, Mama. Kwa mlango."

Bi Twaiba akasema bismillahi, akazikumba karatasi zote kwenye leso, akaja akazitia chini ya karai langu. Mahamri ya siku ile yaliumuka vizuri. Caroline hakula.

Ufunguo sasa anao Bi Twaiba, shingoni. Ndani ya sanduku anaweka sukari na tangawizi, na hakuna panya wala mtu anayethubutu kuligusa. Watu wamerudi kwa mlango wa mbele, wanatoa shikamoo, wanauliza magoti. Saa nne hunipita na kikombe, akaingia, akangoja funda la kwanza.

"Mfereji wa Galu umenyamaza."

"Fundi hatunaye, Bi Twaiba. Unajua alihamishwa."

"Najua. Nakuambia tu umenyamaza."

Bwana Sanga hushusha pumzi, akiwa ameelekea ukutani. Meza hajaigeuza mpaka leo.