Eda Isiyo na Maiti

Ukiingia uchochoro wa nyuma ya maduka ya vitambaa, Kanyenye, hapa Tabora, nyumba ya Bi Mwanamkuu utaijua kwa pua kabla ya macho. Udi, karafuu, mafuta ya nazi, hina iliyolowekwa tangu asubuhi. Tumepakana ukuta kwa ukuta tangu nizaliwe, na nilipokuwa mdogo nilidhani ndoa ndiyo inanukia hivyo.

Yeye ni mpambaji wa maharusi. Anaingia kwa bi harusi siku za mwisho, anamsinga, anamfukiza, anamchora piko mikononi na miguuni, na kumwambia mambo ambayo sisi wengine hufukuzwa mlangoni kabla hayajaanza. Wahindi wenye maduka nao humwita, ingawa wana wachoraji wao, kwa sababu mkono wake hautetemeki. Akichora ua, jani la mwisho linafanana na la kwanza.

Mumewe, Abbasi, alikuwa fundi cherehani. Alishona kanzu kwenye baraza ya duka moja la vitambaa, pini mdomoni, ndiyo maana watu walisema hana maneno. Hawakujaliwa mtoto. Waliishi na mama yake Abbasi, Bi Tunu, mtu mzima ambaye miguu imemchoka ila ulimi haujachoka. Mkwe na mkaza mwana wale walikuwa wakitaniana mpaka sisi wa upande wa pili tunacheka.

"Chai hii umeitia sukari au umeionyesha tu?" Bi Tunu angeuliza.

"Nimeionyesha, mama. Daktari kasema uiangalie kwa mbali."

Mwaka jana, msimu wa kiangazi, Bi Mwanamkuu aliitwa kupamba harusi Ziba. Abbasi akaazima gari la rafiki yake ampeleke, kwa kuwa sanduku la mapambo halibebeki kwenye pikipiki. Ndani yake mlikuwa na mapambo ya dhahabu ya kukodi, mali ya watu. Harusi ikaisha salama. Wakati wa kurudi, kwenye barabara ya vumbi kabla hujafika Puge, rejeta ikachemka.

Abbasi akachukua dumu la njano. Akamwambia mkewe, "Kaa humu, usiviache vitu vya watu. Nashuka bondeni kuchota maji."

Akashuka. Hakupanda tena.

Bi Mwanamkuu alisubiri. Aliita. Alishuka nusu ya njia, akakumbuka sanduku, akarudi, akaita tena. Jua lilipoanza kuinama akapita mfugaji mmoja anaitwa Masolwa na ng'ombe wake. Masolwa akasikia habari, akawaacha ng'ombe, akapiga mwano, lile yowe la Wasukuma la kuitana, na watu wakatoka kila upande na fimbo na mapanga. Walichokipata ni dumu. Lilikuwa limesimama pembeni ya njia ya kupandia, limejaa maji, kifuniko kimekazwa. Hakuna damu, hakuna kandambili, hakuna majani yaliyovunjika. Polisi walikuja, wakatafuta, wakaondoka, wakarudi, wakaondoka.

Hilo dumu mimi nimeliwaza sana. Mtu kashuka, kachota, kafunga, kaanza kupanda. Halafu nini?

Swali hilo hilo ndilo lililowaleta watu wa Jicho la Mtaa. Hilo ni kundi la Facebook la watu wanaojiita wapelelezi wa kujitolea. Mkuu wao ni Zablon, kijana anayeuza makava ya simu mji mwingine kabisa, ambaye sidhani kama amewahi kukanyaga Tabora. Nililisoma kundi lile kwenye simu ya mama kila nilipotoka shule, na mwanzoni, nasema kweli, lilinifurahisha. Watu wa Arusha na Mtwara na wengine wako Omani walikuwa wanaijua ile barabara kuliko mimi. Walichora ramani. Walibishana kuhusu rejeta. Mmoja akasema njia zile walipita watu wa misafara na Mjerumani, kwa hiyo Abbasi alikwenda kuchimba rupia walizozifukia. Mwingine akasema fisi. Mwingine akamjibu, "Fisi gani anafunga kifuniko, kaka?" Wakaweka vicheko.

Kisha wakahama kwenye dumu wakaja kwa mke.

"Kwa nini alibaki kwenye gari?"

"Alilinda sanduku, hakulinda mume."

"Hawana mtoto hao. Fuatilieni hapo."

Hapo ndipo inapobidi nieleze habari ya mikono. Kwetu mwanamke aliyefiwa na mume hukaa eda. Huvaa nguo nyeupe, hajitii hina wala udi, hatoki bila dharura, mpaka muda wake utimie. Lakini mwenye mume hai haachi mikono yake mikavu. Sasa Bi Mwanamkuu alikuwa yupi kati ya hao? Alikwenda kumuuliza sheikh wa msikiti wa mtaani. Sheikh akamwambia aliyepotea si maiti. Hakuna eda mpaka ipatikane habari au hukumu. Bi Tunu alifurahi siku ile kana kwamba mwanawe ameonekana. Yeye mwenyewe ndiye aliyeitwanga hina kwenye kinu kidogo, na yeye ndiye aliyempaka mkaza mwanawe.

"Mwanangu akirudi akute mkono mkavu, atasema nilimzika," alisema.

Kwa hiyo Bi Mwanamkuu akawa anakwenda sokoni na mikono imeiva rangi. Mtu akampiga picha anachagua nyanya. Sijui ni nani, lakini lazima ni mtu wa hapa hapa, kwa sababu nyuma yake unauona ukuta wa soko letu. Picha ikaingia Jicho la Mtaa, mikono imezungushiwa duara jekundu. Zablon akaandika juu yake: "Mume hajulikani alipo, mkono una hina. Moyoni mna nini?"

Waliocheka na waliolaani hawakuhesabika. Wachache walijaribu kueleza habari ya eda. Mmoja akajibiwa, "Wewe ni shoga yake?" Akafuta alichoandika.

Bi Mwanamkuu mwenyewe hakuwa na shida na maneno. Mama yangu alipomshauri aiache hina walau mpaka upepo upite, alikuwa anapepeta mchele, hata hakuinua kichwa.

"Nikiiacha hina nimesema amekufa. Nikisema amekufa, nani atapanda basi kwenda kumtafuta?"

Na kweli walikuwapo waliokuwa wanapanda basi. Omari, mdogo wake Abbasi, alikuwa akienda Nzega na Igunga na rundo la picha za kaka yake, anabandika stendi na kwenye milango ya mashine za kusaga, chini ameandika namba ya simu ya nyumbani. Masolwa naye alikuwa akiuliza kila siku ya mnada wa ng'ombe. Simu ilikuwa inalia. Mara kuna mtu kaonekana Bukene hajui jina lake, mara kuna fundi mgeni Igunga. Omari alikuwa anakwenda, anarudi amejaa vumbi, anatikisa kichwa kabla hajaulizwa. Bi Mwanamkuu alikuwa anamtilia maji ya kuoga, anamwambia, "Basi sio huyo." Ndiyo hayo tu aliyokuwa anayataka duniani: kwamba kuwe na mtu mmoja bado yuko njiani anauliza.

Kazi ndiyo ilitangulia kufa. Mama Kherunisa, Mhindi mwenye duka la vyombo, alikuwa amemwita ampambe binti yake. Akaja mwenyewe, hakumtuma mtu, akakaa kwenye mkeka na pochi mapajani.

"Mwanamkuu, mimi naamini wewe. Mungu shahidi, mimi naamini."

"Lakini?"

"Upande wa bwana harusi iko na simu. Wote iko na simu." Akatazama mikono ya mwenziwe, kisha akatazama pembeni. "Harusi ni jambo ya heri, dada. Watu wanataka mkono ya heri."

"Sawa, mama Kherunisa. Kunywa chai."

Akainywa yote. Baada ya hapo hakuna nyumba iliyomwita tena.

Alibaki Bi Tunu. Mtaa mzima ulishauliza lile swali la gari, kwa sauti au kwa macho. Bi Tunu hakuwahi. Nadhani ndicho kilichomfanya Bi Mwanamkuu aamke asubuhi.

Siku moja nimerudi shule, mama kaniambia, "Njoo usikie." Zablon alikuwa hewani moja kwa moja, anapiga namba iliyoandikwa kwenye picha za stendi. Bi Mwanamkuu alikuwa kisimani. Nikasikia simu inaita upande wa pili wa ukuta, kisha ikaita tena ndani ya simu ya mama, imechelewa kidogo. Sauti ya Bi Tunu nayo ikaja hivyo, kwanza ukutani, halafu mkononi.

"Haloo. Umemwona mwanangu?"

"Shikamoo bibi. Naitwa Inspekta Zablon."

"Marahaba, baba. Umemwona?"

"Tunalifanyia kazi, bibi. Ila nisaidie. Mkweo analala usiku?"

"Analala, kwani yeye bundi?" Watu wakaweka vicheko kwenye skrini, na mimi nikaona aibu, sijui kwa niaba ya nani.

"Bibi, jua limezama mtoto wako hajarudi. Yeye kakaa kwenye gari na dhahabu. Wewe ni mama. Ingekuwa wewe, ungekaa?"

Ukuta ukanyamaza. Baadaye kidogo simu ya mama nayo ikanyamaza.

"Bibi? Ungekaa?"

"Ningeshuka," alisema Bi Tunu.

Watu wengi mno waliisikia ile. Waliikata, wakaisambaza hiyo peke yake, neno moja. Simu ikawa hailali: watoto wanapiga wanasema "ningeshuka" wanakata, wanaume wanapiga wanauliza dhahabu imefichwa wapi, mwanamke mmoja akapiga analia, akamwomba Bi Tunu amwombee. Simu za habari za kweli, kama zilikuwapo, hazikupata nafasi.

Nilikuwapo kwao jioni moja, nimepeleka kisamvu kutoka kwa mama. Bi Mwanamkuu alikuwa anamkanda mama mkwe miguu kwa mafuta. Bi Tunu akasema, polepole, kama anauliza bei ya kitu asichotaka kununua:

"Mwanangu, hivi kwa nini ulibaki kwenye gari?"

Mikono ikasimama. "Aliniambia nikae, mama. Nilikusimulia siku ile ile."

"Najua."

"Sasa umeniuliza."

"Nimeuliza tu."

Bi Mwanamkuu akaendelea kukanda. Niliitazama mikono yake kwa sababu sikuweza kutazama uso. Hina haikuwa imerudiwa kwa muda, rangi ilikuwa imebaki kwenye kucha tu.

Wiki ile ile Bi Tunu akatoa nguo nyeupe kwenye kasha lake, za eda yake mwenyewe ya zamani, akaziweka kitandani kwa mkwewe.

"Kaa," alimwambia. "Watu wakiona umekaa watanyamaza."

"Sheikh alisema hakuna eda bila maiti."

"Sheikh hapigiwi simu."

"Mama, nikikaa hakuna atakayemtafuta."

"Nimechoka, mwanangu. Nataka simu hii inyamaze nisikie adhana. Ukinipenda, kaa."

Angeweza kukataa. Hata sasa najiuliza kwa nini hakukataa. Mama yangu ananiambia hukumjua aliyekuwa anamwomba; yule hakuwa mama mkwe tu, alikuwa kipande cha Abbasi kilichobaki. Bi Mwanamkuu akavaa. Sheikh hakuja. Walisoma khitma wenyewe kwa wenyewe, majirani tukala pilau tukiwa hatujui tuseme pole ya nini.

Jicho la Mtaa walipata habari kabla sufuria hazijaoshwa. Zablon akaandika, "Leo amekaa eda. Mwili haujapatikana. Swali dogo tu, wana kundi: amejuaje?" Wakapongezana. Wengine wakaandika kwamba kesi imeisha. Siku chache baadaye ikatokea habari ya mwanamke aliyepotea na mchumba wake njia ya Morogoro, wakahamia huko wote, na jina la Abbasi likashuka, likashuka, mpaka nikawa nalitafuta kwa kidole silifikii.

Simu kweli ikanyamaza. Bi Tunu anaisikia adhana vizuri. Chai anainywa hivyo ilivyo, haulizi sukari.

Ijumaa iliyopita Omari alikwenda kituoni kuuliza kama kuna jipya. Aliporudi alisimama kwanza barazani kwetu, akamsimulia baba. Askari alikuwa mpole, alimpa hata kiti. Alimwambia, "Ndugu yangu, sisi tunatafuta mtu aliyepotea. Ninyi mmeshafanya matanga. Nikimwomba mkubwa wangu gari, nimwambie tunamtafuta nani?" Masolwa naye alishampigia Omari wiki ile, akatoa pole kwa Kisukuma kirefu, akasema kule kwao picha wameshazitoa, maana si vizuri marehemu kubandikwa mashineni.

Omari akafuta uso, akaingia kwao. Nami nikamfuata ndani, nimebeba uji wa kuwapelekea. Bi Mwanamkuu amekaa nyuma ya pazia, nyeupe mpaka kichwani, mikono imekauka kama ya mtu mwingine.

"Wamesema nini, shemeji?"

"Wamesema wanaendelea. Watapiga."

Bi Tunu, kitandani kwake, akageukia ukutani.

"Umewaachia namba gani?"

"Ile ile, shemeji."

"Basi vizuri," akasema, kisha akaniomba niichomeke simu kwenye chaji.