Saa ya Houston

Ninayo saa ya mkononi ambayo haijawahi kusema kweli popote nilipoishi. Nimeibadilishia betri Muscat, Maputo na Lubumbashi, na kila fundi aliyeifungua alitaka kuirekebisha, nami nikamzuia. Mkanda wake wa plastiki umekakamaa, lakini nikiusogeza puani bado nasikia harufu ya gundi na ngozi mpya, ile harufu iliyojaa kwenye korido za jengo la Tianxiu, Guangzhou, miaka ambayo ilionekana kama dunia nzima imeamua kununua mikoba kwa wakati mmoja.

Nilikuwa na miaka kumi na nne. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nasubiri matokeo, na Mama, ambaye alikuwa anachukua mikoba ya wanawake kule na kuileta Kariakoo, akaona afadhali anichukue kuliko kuniacha nyumbani nizurure. Nadhani hapo ndipo alipoharibu, maana sijaacha kuzurura tangu siku hiyo.

Uwanja wa ndege tulipokewa na Mjomba Shomari, mdogo wake Mama. Na hapo hapo kichwa changu kikaanza kuzunguka, kwa sababu Mjomba Shomari alikuwa Marekani. Kila mtu nyumbani kwetu Ilala alilijua hilo. Bibi aliuza kiwanja chake cha Mbagala ili huyo mwanawe wa mwisho asafiri, na kila Ijumaa saa nne asubuhi alikaa kando ya simu ya mezani, kanga kichwani, akisubiri sauti kutoka Houston. Sasa sauti hiyo ilikuwa mbele yangu, imevaa kandambili, inatubebea mizigo.

"Shikamoo, Mjomba. Umekuja lini huku?"

"Marahaba, Mwanaidi." Akamtazama Mama. "Mimi nipo nipo."

Ndani ya teksi Mama aliniinamia sikioni. Aliniambia Bibi nisimwambie kwamba nimemwona Mjomba, hata kwa bahati mbaya, hata usingizini. Nikakubali. Sikuuliza sababu, kwa kuwa kwetu mtoto aliyeuliza sababu mara mbili alitumwa maji.

Somo nililofaulu kuliko yote lilikuwa jiografia, kwa hiyo nilichanganyikiwa zaidi ya mtoto asiyejua kitu. Nilijaribu kuipanga dunia upya. Mwishowe niliamua kwamba Guangzhou ni kama Chalinze ya kwenda Marekani: watu wanashuka, wanakula, wanajinyoosha viungo, safari inaendelea. Mjomba alikuwa amekawia kupanda tu.

Alivaa saa mbili. Ya mkono wa kulia ilikwenda na Guangzhou. Ya kushoto, yenye mkanda wa bluu, ilikuwa nyuma kwa saa nyingi mno, na nilipomwambia imekosea alicheka na kunipa pipi ya tangawizi. Ijumaa ya kwanza nikaona kazi yake. Ilipofika saa tisa mchana, jua likiwaka, mikokoteni ikigongana chini na wapakuaji wakipigiana kelele, Mjomba alifunga dirisha la chumba chetu, akavuta pazia, akakwangua kadi ya simu kwa sarafu, akanipa nimsomee tarakimu. Kisha akaitazama ile saa ya bluu na kuanza kunong'ona.

"Mama, shikamoo. Hapana, sijalala. Huku ni saa saba usiku, watu wote wamelala, ndiyo maana sauti yangu ndogo."

Sauti ya Bibi ilitoka kwenye simu kubwa kuliko simu yenyewe. "Marahaba, baba. Mbona huo usiku wenu una pikipiki?"

"Wagonjwa wanapelekwa hospitali, mama."

"Kwa pikipiki? Makubwa. Haya, umekula?"

Akasema amekula. Bibi akataka kujua nini. Bibi hakuwa mtu wa kuridhika na neno "chakula". Alitaka kujua kimeungwa kwa nini, kimeliwa na nani, na mtu anapitia wapi kwenda kukila. Nyumbani alikuwa na msemo wake, kwamba njia ya mwongo ni fupi, na huenda ndiyo maana Mjomba alihitaji kuirefusha ya kwake kwa vyakula.

Vyakula hivyo alivipata kwa kubadilishana. Pale Xiaobei, mtaa tuliokaa, palikuwa na mgahawa wa tambi wa Waislamu wa Kichina, na meza ya pembeni ilikuwa yetu. Mjomba alijipatia riziki kwa kuwazungusha wanunuzi viwandani, na hakuna mtu wa kwetu aliyeijua Shiling, mji wa mikoba, kama yeye. Lakini marafiki zake wawili hakuwatoza. Kwao ilikuwa nipe nikupe. Papaa Flori, mfanyabiashara wa Lubumbashi, alikuwa na dada aliyeolewa Houston. Bwana Haji, Mzanzibari mnene mwenye kicheko cha kukohoa, alikuwa mpishi wa meli za mizigo kabla hajaingia kwenye biashara ya mapazia, na alishuka bandari nyingi za Marekani. Wao walitoa pa kula na pa kutembea Marekani. Mjomba alitoa karakana. Na mimi, kwa kuwa mwandiko wangu ulisomeka, niliandika katika daftari la mistari.

"Kule Houston banachoma nyama na moshi, mon cher," Papaa Flori alikuwa akisema, mikono ikipima hewa. "Tangu jana mpaka leo. Kifua ya ng'ombe. Inje mweusi sawa makala, ndani laini sawa mukate."

"Kinywaji?"

"Chai. Ya baridi, na barafu, na sukari mingi."

"Hiyo si chai," alidakia Bwana Haji. "Hiyo chai iliyosahauliwa."

"Dada yangu anakunywa kila siku!"

"Basi mpe pole."

Nikaandika: nyama ya moshi, chai baridi, pole. Papaa Flori akaongeza ukuta wa maji, mrefu kama ghorofa nyingi, maji yanaporomoka juu mpaka chini na watu wanasimama mbele yake kupigwa picha. Mjomba akafumba macho kama anayelowa. Kisha akalipa: "Shiling, nyuma ya soko la ngozi, mlango wa kijani. Zipu zao hazing'oki. Wakikwambia meiyou, kwamba hakuna, wewe kaa tu kwenye kigoda. Zipo."

Bwana Haji naye alikuwa na supu ya bamia na kamba ya New Orleans, na maandazi ya mraba yaliyozikwa kwenye sukari ya unga. Lakini kilichonishangaza zaidi kilitoka Baltimore.

"Wanakutandikia gazeti mezani, hawakupi sahani. Wanakumwagia kaa. Halafu, wallahi, wanakupa nyundo."

"Nyundo ya nini?"

"Ya kumvunjia kaa. Hujala bado, ushakuwa seremala."

Ukurasa wa Baltimore haukuwepo. Nilikuwa naogopa kuharibu ukurasa mzima kwa kaa mmoja, kwa hiyo nikambana chini ya Houston, baada ya ukuta wa maji. Nakuomba msomaji wangu uukumbuke uchoyo huo wa karatasi.

Ijumaa moja Bibi hakungoja aulizwe hali. Alikuwa na habari. Salumu, mtoto wa mdogo wake, fundi wa mitambo ya bandari, alikuwa anapelekwa na kazi yake Marekani kwa mafunzo ya miezi miwili.

"Marekani kubwa, mama," Mjomba alisema.

"Houston," Bibi akasema. "Nimemwandikisha kabisa. Ana achari ya ndimu yako, chupa mbili. Akifika mtafutane, umwonyeshe mji. Na akinipigia ataniambia umenenepa au umekonda. Nitamwamini yeye, maana wewe kila nikikuuliza u mzima."

Simu ilipokatika Mjomba alikaa juu ya robota la mikoba na kuzivua saa zake zote mbili, akazishika mkononi kama mtu aliyeokota vitu vya watu.

"Mwambie mama kweli, Shomari," Mama akasema. "Wakala alikuahidi kukuvusha, akakutupa hapa. Kosa lako ni lipi?"

"Kiwanja kina nyumba ya mtu sasa hivi, dada. Akipita pale hageuzi hata shingo, anasema mwanangu yupo Marekani. Nikimwambia, atageuza shingo."

Hivyo ndivyo nilivyofahamu kwamba Mjomba hakuwahi kufika. Lakini kufahamu hakukuniondolea utata, kuliniongezea. Nilijiuliza kama nyama ile ya moshi ipo kweli, kama dada wa Papaa Flori yupo, kama maji yale yanaporomoka. Nililala nikiwa sijui kipi katika daftari langu nikiamini.

Mjomba alimpigia Salumu kabla hajasafiri. Alimwambia kazi imemhamishia kaskazini, mbali, hawataonana. Akasema lakini angempa pa kula na pa kutembea, asikose. Hapo akalifungua daftari, akalifunga. Basi akanisukumia simu na daftari, na mimi, kwa fahari ya mtoto aliyepewa kazi ya watu wazima, nikasoma ukurasa wa Houston wote, polepole, neno moja moja, kama nasoma risala kwenye gwaride la shule. Mwishoni Salumu alisema tu, "Nimeandika."

Zikapita wiki za Mjomba kutokula. Alimimina pilipili kwenye tambi na kuzisahau. Akizungumza na Bibi alijibu mafupi, na Bibi naye akawa mfupi: Salumu amefika, Salumu ana baridi, Salumu atapiga Jumapili.

Salumu alipiga, lakini si Ilala. Ilikuwa saa tatu asubuhi, Mama anafunga kamba mikoba, simu yake ya mkononi ikalia. Alisikiliza, uso ukabadilika, akaunyoosha mkono wenye simu. "Anakutaka wewe," alimwambia Mjomba.

Simu zile za zamani zilitangaza. Tulisikia kila neno.

"Shomari. Nyama nimekula. Kweli ni kifua, kweli ni laini. Ukuta wa maji nimesimama mpaka shati likalowa. Sasa kaa. Nimeagiza kaa, nikamwomba yule mama mhudumu nyundo. Akaenda akamleta bosi wake. Bosi akaja na mlinzi."

Mama aliziba mdomo kwa mkono. Mimi nilitamani sakafu ipasuke.

"Nikakaa pale na kaa wangu," Salumu akaendelea, "nikawaza. Mtu aliyekaa mji huu miaka yote hii ananituma nyundo? Na karatasi nimesomewa na Mwanaidi. Mwanaidi yupo China na mama yake. Wewe upo kaskazini ya Marekani. Daftari ni moja." Akashusha sauti. "Kwako saa hizi ni saa ngapi, ndugu yangu?"

Mjomba aliutazama mkono wa kushoto. Akautazama kwa muda. Kisha akautazama wa kulia.

"Saa tatu asubuhi," akasema.

"Huku saa moja jioni. Achari nimeianza, samahani. Mama mkubwa nitamwambia nimekula anakokula Shomari, na chakula ni kizuri. Hapo sijadanganya neno. Kama umenenepa au umekonda, mwambie mwenyewe."

Desemba tulirudi Dar es Salaam na mzigo wa Mama wa mwisho wa mwaka. Uwanja wa ndege Mjomba alivua saa ya bluu na kunifunga mkononi, tundu la mwisho kabisa, na bado ililegea. "Sina kazi nayo tena," alisema. Sikumwelewa.

Ijumaa ya kwanza nilikuwepo Ilala, nimekaa mkekani karibu na simu, ulimi nimeushika kwa meno. Saa nne asubuhi ikalia. Bibi akanyanyua, na kabla ya salamu nikazisikia kutoka mahali nilipokaa: mikokoteni ya Xiaobei, honi, wapakuaji wakifokeana kwa Kichina, jiji zima mchana kweupe. Mjomba hakuwa ananong'ona. Hakuwa anasema kitu.

Bibi alisikiliza kelele zile, kichwa amekiinamisha kama anayesikiliza mvua inatoka upande gani.

"Leo hukufunga dirisha," akasema.

"Sikufunga, mama."

Bibi alishika pindo la kanga, akalikunja, akalikunjua.

"Haya. Umekula?"

Sijui mpaka leo alikuwa amejua tangu lini. Labda tangu zile pikipiki za hospitali, labda tangu siku ya kwanza. Hakuniambia, na alifariki kabla sijawa mtu mzima wa kumwuliza. Kwa miaka mingi nilidhani tulimficha sisi. Nilidhani vilevile kwamba Salumu alikula vile vyakula kwa tamaa ya mgeni, mpaka nilipokuwa mkubwa nikaona alivila ili apate neno moja la kweli la kumpelekea mama mkubwa.

Houston sijafika. Nimekaa miji mingine mingi, na katika baadhi yake mambo yangu hayakwenda kama nilivyowaambia watu wa nyumbani. Siku hizo, kabla ya kupiga simu, huamka na kufunga dirisha. Mama husikiliza, kisha huniuliza kama nimekula.