Mzinga wa Mjerumani

Kuna aibu ambazo mtu huzizoea kama kovu la goti, lakini hii yangu bado hunipandisha joto masikioni, na ndiyo maana nikiisimulia mbele za watu huwa naikatia pale ambapo kila mmoja ameshika mbavu kwa kicheko, nainua kikombe changu cha chai, basi, mkasa umekwisha. Haujaisha. Leo nitaumalizia, maana nimefika umri ambao mtu akichekwa anashukuru kwamba angalau amesikilizwa.

Ilikuwa miaka ile ya foleni (nyie vijana, foleni ninayoisema si ya magari, ni ya sabuni). Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya historia, nikapangiwa Musoma kuwa Afisa Utamaduni, nikapewa meza inayoyumba na kiti cha kukopa ofisi ya jirani, nikapanga chumba Mukendo, na kusema kweli kazi yangu kubwa ilikuwa kusubiri sikukuu zifike ili kuwe na ngoma. Sukari ilikuwa imepotea kabisa madukani. Ukialikwa chai ulikuwa unauliza kwanza chai ya nini, maana wengine walitia chumvi, wengine walitafuna kiazi kitamu pembeni, na wenye bahati, wale wenye ndugu huko Mugeta na maporini, walikoroga asali. Hiyo asali muiweke akilini, tutaihitaji.

Nyangeta alikuwa mwalimu wa historia katika sekondari moja pale mjini. Kwao Butiama. Alikuwa na namna ya kukusikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayesikiliza redio yenye mikwaruzo na hataki kupitwa na neno, na mimi nilimpenda kwa sababu ya kile kichwa kilichoinama kabla hata sijajua anafundisha nini. Nilimpenda muda mrefu bila kumwambia. Nilikuwa namwazima vitabu, kisha naenda kuviazima kwake vitabu vyangu mwenyewe.

Basi siku moja akaniambia, tumesimama nje ya uzio wa shule, kwamba kuna mhandisi wa Mwanza ambaye wazee wake wanakuja Butiama Jumapili inayofuata kuzungumza habari za ng'ombe.

"Baba ananiuliza kama kuna mtu mwingine," akasema. "Nimwambie nini?"

Na mimi, shahada nzima kichwani, nikasema: "Mwambie asubiri kidogo."

Hapo ndipo likaja lile wazo la safari. Alikuwa anawapeleka wanafunzi wake kuona boma la kale la Wajerumani, mbele ya Mugeta, juu ya kilima ambacho chini yake, wazee walisema, Mjerumani na Mwingereza walipigana katika ile vita ya kwanza. Alitaka mtu wa kueleza. Nikamwambia boma lile nalijua vizuri sana. (Sikuwahi kuliona. Nilikuwa nimesoma habari za maboma, nikaona maboma ni maboma.) Na moyoni nikaamua: neno langu nitalisema kule juu ngomeni, upepo ukivuma, mbuga yote ikiwa miguuni petu. Neno kubwa, nilifikiri, linataka mahali pakubwa. Siku moja kabla ya safari nikamdokeza tu kwamba nina neno la kumwambia.

Asubuhi ya safari nilifanya jambo dogo tu. Nilikuwa na kikopo cha mafuta ya nywele ya magendo, yametoka Kenya yakapitishwa Sirari ndani ya boga, mafuta ya harufu tamu kama bustani nzima, na badala ya kuchovya kidole kama mtu mwenye akili, nikajipaka ya mwezi mzima: kichwani, shingoni, na yaliyobaki mikononi nikayafutia kwenye kola ya suti yangu ya Kaunda.

Dereva wa lori aliponiona akakunja pua. "Bwana Utamaduni, leo unanukia kama harusi ya mtu mwingine."

Wanafunzi wakacheka mpaka Bunda.

Tulipofika chini ya kilima, wanafunzi wakashuka kunywa maji, na Nyangeta akabaki amesimama anaitazama ile mbuga. Hakukuwa na kitu cha kutazama, nyasi tu na ng'ombe wa watu. Akasema, bila kugeuka, kwamba babu yake mzaa baba alikamatwa akiwa kijana, akabebeshwa mizigo ya vita, na hakurudi.

"Hana hata jiwe. Pengine yuko hapa hapa, tunamkanyaga. Na bibi yangu alimsubiri mpaka akazeeka, unajua kwa nini? Kwa sababu alipochukuliwa hakusema neno. Angesema 'nisubiri', au angesema 'olewa', bibi angejua la kufanya. Alinyamaza." Halafu akanigeukia, kichwa kimeinama vilevile. "Mtu akiwa na neno aseme. Wewe jana ulisema una neno."

Ndugu zanguni, mlango uliokuwa wazi namna ile sijauona tena maishani. Na mimi nikasema: "Tukifika juu."

Nusu ya kilima kulikuwa na mji wa watu, nyumba mbili na zizi, na mama mmoja anaanika mtama. Anaitwa Mama Wegesa. Nikaona nianzie kwake, ili wanafunzi waone mtafiti anavyozungumza na wananchi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibuni. Hii shule yote imekuja kwangu?"

"Tumekuja kuona boma la Mjerumani."

"Mwenyewe hayupo."

Nikawageukia wanafunzi, nikatabasamu kiutaalamu. "Ni kweli, mama, Mjerumani aliondoka zamani."

"Si zamani," akasema Mama Wegesa.

"Mnaona?" nikawaambia wanafunzi. "Kwa wazee wetu, vita ile ni kama jana." Kisha nikauliza swali ambalo ndilo lililonimaliza. Nilikuwa nimesikia kwamba Wajerumani walipokimbia waliacha mizinga mahali mahali. "Na mzinga wake, mama? Hakuuacha?"

"Atauachaje? Si upo. Chumba cha mwisho kule, kaulaza kwenye tundu la ukuta."

Mzinga! Hakuna aliyekuwa ameuandika. "Bado unalia?"

"Unaliaga. Asubuhi unalia kidogo, jua likiwaka unalia sanaa. Mpaka huku tunausikiaga."

"Unalia wenyewe?" Nyangeta akauliza.

Nikamjibu mimi, kabla mama hajafungua mdomo. Nikaeleza kwamba chuma kikipata joto hutanuka, na kikitanuka ndani ya mawe hutoa sauti, jambo la kawaida kabisa kisayansi. Wanafunzi wakaandika. (Mpaka leo naomba Mungu wawe walipoteza madaftari yale.)

"Ila baba, usiugonge," Mama Wegesa akaongeza, ananitazama nywele. "Hapendagi ugongwe. Juzi ulimkimbiza askari wa pori mpaka barabarani."

"Anasema," nikawatafsiria wanafunzi, Kiswahili kwenda Kiswahili, "kwamba mzinga huu uliwatimua askari wa Kiingereza mpaka barabarani."

Tukapanda.

Boma lenyewe lilikuwa kuta za mawe zisizo na paa, ila chumba cha mwisho, ambacho bado kilikuwa na dari na giza la kutosha. Nikaingia mbele, wanafunzi nyuma yangu, Nyangeta mlangoni. Kwenye tundu la kutolea bunduki nikaona kitu kirefu cha mviringo, kimefunikwa bati la zamani na majani, kimeelekezwa mbugani. Nikaweka mkono juu yake. Ulikuwa unatetemeka kidogo, nami nikadhani ni mimi ninayetetemeka, kwa sababu nilikuwa nimeamua kwamba baada ya hapa nitamwita Nyangeta pembeni.

"Vijana," nikasema, nikaokota jiwe, "sikilizeni sauti ya historia."

Nikagonga.

Historia ikajibu.

Niwaelezeni sasa mlichokwisha kukielewa. Mjerumani lilikuwa jina la utani la mume wa Mama Wegesa, alilopewa na majirani kwa sababu alilifanya lile boma kama la baba yake, na tangu sukari ipotee alikuwa amejaza mizinga ya nyuki kila pembe, na asubuhi ile alikuwa ameondoka kwenda kuuza asali Kabasa. Nyuki wake hawakuwa na shida na wanafunzi. Wachache waliumwa, wakakimbilia vichakani wakatulia. Ila lile wingu, wingu lenyewe, lilinusa bustani nzima ya Kenya kichwani pangu likasema huyu ndiye.

Nilikimbia. Nilitoka mlangoni nikampita Nyangeta bila hata kumwambia samahani, nikateremka kilima, nikavua koti la Kaunda, maana kola ndiyo ilikuwa inawaita, nikalitupa, nyuki wakagawana, nusu wakabaki na koti na nusu wakaniamini mimi. Wakaingia suruali. Mtu asiwadanganye kwamba kuna heshima inayozidi nyuki waliomo ndani ya suruali. Niliivua nikiwa mbioni, kitu ambacho sijui nilikiwezaje, nikapita katikati ya mtama wa Mama Wegesa, nikajitupa kwenye lambo la ng'ombe, nikazama mpaka kichwa.

Nilipoibuka, shule yote ilikuwa juu ya kingo. Na mnakumbuka nguo za ndani za miaka ile tulizishonesha kwa nini: magunia ya unga wa msaada, yale meupe, yenye maandishi ya Kizungu ambayo hayatoki hata uchemshe. Nikawapa mgongo nipande upande wa pili, na mwanafunzi mmoja wa kike, mwenye sauti safi ya kanisani, akawatafsiria wenzake kilichoandikwa makalioni pangu: kwamba bidhaa hii ni msaada wa marafiki na ni marufuku kuuzwa.

Dereva akakaa chini kabisa. "Bwana Utamaduni," akasema anafuta machozi, "hata tungetaka, nani angenunua?"

Hapa ndipo huwa nainua kikombe.

Kilichofuata ni hiki. Mama Wegesa alinipa shuka, akaniketisha kivulini nyuma ya nyumba, akawafukuza wanafunzi, akabaki Nyangeta. Akakaa mbele yangu kwenye kigoda akaanza kunitoa miiba ya nyuki kwa kucha, mmoja mmoja, usoni, shingoni, kwenye kope. Hakucheka. Mikono yake ilikuwa na harufu ya chaki. Sikuwahi kukaa karibu naye kiasi kile wala sikukaa tena, na niwaambie ukweli, uso mzima ulikuwa unawaka moto nami nikawa naomba miiba isiishe.

"Haya," akasema polepole. "Juu tumeshafika, tena tumeshashuka. Sema neno lako."

Nilikuwa nalo. Lilikuwa fupi. Mtu wa kwetu akitaka kumwambia binti kwamba hana mchezo, hasemi mashairi, anasema: nataka kuja kwenu. Ndilo hilo tu. Nikafungua mdomo, na hapo ndipo nikagundua kwamba midomo sina. Ilikuwa imevimba kama maandazi mawili, ulimi umejaa kama soksi yenye mchanga. Nikasukuma maneno kwa nguvu zangu zote: nataka kuja kwenu. Nikasikia mwenyewe yanavyotoka.

Nyangeta akainamisha kichwa. Akasikiliza. Akasubiri kidogo.

"Unataka kunywa?"

Nikatikisa kichwa kukataa, lakini shingo nayo ilikuwa imekakamaa, sijui ikatikisika kwa namna gani. Akainuka, akaenda kwa Mama Wegesa, akarudi na kata ya maji yaliyokorogwa asali (ya nyuki walewale), akanishikia mdomoni kama mtoto. Nikanywa. Lori likapiga honi.

Nyangeta aliposhuka njia panda ya Butiama kwenda kwao, jioni, alisimama kidogo pembeni ya barabara akinitazama, nami macho yalikuwa yameshafumba kabisa, kwa hiyo hilo la kusimama niliambiwa na dereva. Jumapili uvimbe ulikuwa bado. Wazee wa Mwanza walikuja, wakaonyeshwa heshima, ng'ombe wakatajwa.

Mtaniuliza kwa nini sikuandika barua. Nami huwa najiuliza hivyo hivyo.

Miaka ikapita, ikaja miaka ya ruksa, biashara zikafunguliwa, mitumba ikamwagwa sokoni kama mavuno, na siku moja nikaingia duka moja pale Kabasa nikamkuta Nyangeta anapimiwa sukari. Alikuwa amekuja kwenye msiba wa shangazi yake. Mvi kidogo pembeni mwa uso, kichwa kilekile. Gunia la sukari limesimama wazi katikati yetu, limejaa mpaka mdomoni.

"Siku hizi ipo," akasema.

"Ipo. Ila imepanda."

"Imepanda."

Tukazungumza habari za mvua na za watoto. Akafunga mfuko wake, akashika njia ya mlango, akageuka.

"Bwana Utamaduni. Siku ile, kule kwa Mjerumani. Ulitaka kunywa kweli?"

Midomo yangu ilikuwa mizima kabisa. Mwenye duka alikuwa anasikiliza, kopo la kuchotea sukari limesimama hewani.

"Nilikuwa na kiu, Nyangeta," nikasema. "Kiu kubwa sana."

Akahamishia mfuko wake mkono wa pili.

"Nami nikakupa maji," akasema, akatoka.

Tangu hapo nimejiwekea sheria. Mtu akinitajia mzinga nauliza kwanza, wa chuma au wa nyuki? Mafuta ya nywele nimeacha, na nywele nazo zimeacha. Na neno lolote nililonalo silipandishi kilimani tena. Nalisema chini, kando ya lori, midomo ikiwa bado yangu. Shida ni kwamba maneno niliyobaki nayo siku hizi ni ya bei ya sukari.